Menholi ya tenki la molasi: pedi ni lazima au mteja yuko sahihi kwamba ni gharama tu?

Mchomaji_Moro

Wakuu habari za saa hizi. Nina karakana ndogo hapa Morogoro, mageti na matrela ndo kazi zetu za kila siku, matenki ya maji ya lita elfu kumi, elfu ishirini tumeshachoma mengi tu hayatusumbui. Sasa nimepata kazi ya mteja anayechanganya chakula cha ng'ombe, anataka tenki la molasi, kipenyo mita 6 kwenda juu mita 7.5, linasimama juu ya zege. Pleti zote mm 6 kuanzia chini mpaka juu, zile za futi 5 kwa 20, kwa hiyo ni pete tano za mita 1.5 kila moja.

Mchoro kaja nao mteja mwenyewe, kachorewa huko na kijana wake. Ubavuni kuna menholi (tundu la mtu kuingilia) moja tu ya duara mm 450, bolti 16, na haina pedi ya kuizunguka (wanaotaka kucheka neno pedi wacheke wamalize, nazungumzia ile pleti ya kuongezea nguvu). Paani kuna tundu la bomba basi. Nikamuuliza mbona hakuna pedi akaniambia fundi unataka kuniuzia chuma tu wewe. Baba mdogo aliyenifundisha hii kazi nae ana lake, anasema achana na duara, kata mlango wa mraba chini kabisa usawa wa sakafu ili molasi ikiganda vijana waingie na makoleo kama wanaingia ghalani.

Mimi roho inakataa vyote viwili ila sina hoja ya kumpa mtu. Naombeni mwongozo, pedi ni lazima? Mraba unafaa? Na hiyo 450 inatosha? Pleti bado sijanunua kwa hiyo kubadilisha bado inawezekana. Nawasilisha.

---

KijanaWaGrenda

Mkuu unajisumbua bure, mm 6 kwa tenki la mita 6 ni chuma kingi mno, toboa weka flenji (ukosi wa kufungia bolti) kaza bolti kula hela yako. Tumeweka menholi bila pedi kwenye matenki ya dizeli site mpaka leo yamesimama.

---

mzee_wa_matenki

Mdogo wangu Mchomaji, kwanza hongera kwa roho inayokataa, wengi hawana hiyo.

Nianze na mraba maana huo ndio utaua mtu. Ukuta wa tenki lililojaa unavutwa kwa mzunguko, kama pete ya pipa. Chuma chote cha ile pete kinashikana mikono kuzunguka tenki, wewe ukikata tundu umeachanisha mikono hapo, sasa ile nguvu haipotei, inazunguka tundu na kujazana kwenye kingo. Kwenye duara inapita kwa ulaini ila hata hivyo pale juu na chini ya tundu, saa kumi na mbili na saa sita kama ni uso wa saa ya ukutani, mvutano unafika kama mara tatu ya ule wa kawaida. Kwenye kona kali ya mraba unazidi hapo, na kona ndiyo fundi anaanzia kukata na gesi, pana mkwaruzo, pana kovu la weldingi, basi ufa umeshapewa pa kuanzia.

Milango ya chini usawa wa sakafu ipo, viwanda vikubwa wanaitumia kutolea matope, na kiwango cha API 650 (kanuni za Kimarekani za matenki ya chuma ya kuchomelea) kinairuhusu, lakini kona za juu zinaviringwa, pleti inayozunguka ni nene, na kile kipande chote kikishachomelewa kinaingizwa kwenye tanuru kipashwe joto la nyuzi kama 600 ili mivutano ya weldingi ilegee, ndipo kinapachikwa kwenye tenki. Una tanuru hapo Morogoro la kuingiza pleti ya mita mbili? Kama huna mwambie baba mdogo kwa heshima zote huo mlango haupo.

Pedi: weka. Kila tundu kubwa kuliko bomba la inchi 2 linatakiwa lifidiwe chuma kilichokatwa. Ndivyo tulivyofundishwa Tanga na sijawahi kujuta.

---

Injinia_Kimya

Naomba nimpinge mzee kidogo na nimpinge KijanaWaGrenda zaidi, maana wote wawili hawajapiga hesabu.

Unene unaohitajika kwenye pete ya chini kwa API 650: 4.9 × kipenyo × (kimo − 0.3) × uzito wa kimiminika ukilinganisha na maji, gawa kwa mvutano unaoruhusiwa. Molasi ni kama 1.4. Kwa pleti ya A36 (chuma cha kawaida cha ujenzi) mvutano ni megapaskali 160. Kwa hiyo 4.9 × 6 × 7.2 × 1.4 = 296, gawa kwa 160 unapata mm 1.85. Ongeza milimita moja ya kutu, mm 2.85. Wewe una mm 6, tena hiyo 6 ndiyo kiwango chenyewe kinachodai kwa pete ya chini ya tenki la ukubwa huo hata hesabu ikitoa kidogo. Kwa hiyo ni kweli una chuma cha ziada kama mm 3.

Sasa tundu. Kanuni ni kwamba eneo la chuma cha kufidia lisipungue kipenyo cha tundu mara unene. Kama hujapiga hesabu unatumia unene wa pleti yenyewe, yaani tuseme menholi ni ya 600 na tundu lake ukutani ni mm 612, ni 612 × 6 = 3,672 mm za mraba. Ukiwa umepiga hesabu unaruhusiwa kutumia ule unaohitajika, 612 × 1.85 ambayo ni 1,130 tu. Na chuma cha ziada kwenye ukuta kinahesabika, ila kile kilicho karibu na tundu tu, usivuke umbali sawa na kipenyo cha tundu kwenda juu na kwenda chini kutoka katikati. Hapo 3.15 (yaani 6 toa 2.85) × 612 unapata kama 1,900. Kimahesabu ukuta unajifidia wenyewe.

KijanaWaGrenda usishangilie bado. Hayo matenki yako yamesimama kwa bahati ya unene si kwa sababu ulijua. Siku ukipewa tenki la mita 20 ambalo ukuta wote umeshatumika kubeba mzigo utafanya vilevile na halitasimama. Na hata hapa mimi ningeweka pedi, kwa sababu mfuniko wenyewe ni mzigo. Menholi ya 600 mfuniko wake una kipenyo cha mm 820, ukitengeneza kwa pleti ya 16 ni kilo 66, unaning'inia kwenye shingo (lile bomba fupi la menholi) iliyochomelewa kwenye ukuta wa mm 6 tu, vijana wanaukanyaga wakipanda, wanaupigapiga nyundo gasketi ikigoma. Hiyo haimo kwenye ile hesabu ya juu.

Kingine mtu asikudanganye kuhusu kujaribu na maji. Tenki lako likijaa maji ni tani 212, likijaa molasi ni tani 297. Kwa hiyo jaribio la maji linakupa kama asilimia 71 tu ya mzigo, kwa kuta na kwa msingi wa zege. Mwambie aliyemwaga zege.

---

Otis_KSM

Mimi niko Kisumu na hapa kwetu molasi tunaijua sana, boss niliposoma mita 7.5 na menholi bila pedi nikakumbuka ile ya Boston kule Marekani. Tarehe 15 Januari 1919 tenki la molasi kimo kama mita 15 na upana mita 27 lilipasuka mchana kweupe, watu 21 wakafa, wimbi la molasi likabeba farasi na nyumba. Lile lilikuwa la ribiti sio la weldingi, pleti nyembamba kuliko zilizopaswa, na wahandisi waliokuja kulichambua baadaye wanaona ufa ulianzia kwenye tundu la ribiti kando ya menholi ya chini. Hapo hapo kwa menholi! Na kabla ya kulitumia walijaribu kwa kumwaga maji inchi sita tu chini, inchi sita kwa tenki la mita 15. Likawa linavuja tangu mwanzo, watoto wa mtaa wanakuja na mikebe kukinga, kampuni ikapaka rangi ya kahawia ili uvujaji usionekane.

Sasa huyo kijana wa mchoro mwambie atafute hiyo hadithi.

---

Mchomaji_Moro

Nashukuruni sana, hasa Injinia maana hiyo 1.85 nimeirudia kwa kikokotoo mara tatu imetoka hivyohivyo.

Nimejaribu kuchora menholi ya 600 kwa mfano wa kiwango, katikati yake iwe mm 900 kutoka chini na pedi ya mm 1370. Imegoma! Pete yangu ya chini ni mita 1.5, pedi inafika 1585 inavuka mshono wa mlalo. Nipunguze pedi au niishushe menholi?

---

mzee_wa_matenki

Hilo ndilo swali zuri kuliko yote uliyouliza. Injinia amenishinda kwa hesabu nakubali yaishe, hapa naongea mimi.

Weldingi hazipendi kukaribiana. Kwenye pleti nyembamba kama yako ukingo wa pedi ukae angalau mm 150 kutoka mshono wa wima na angalau 75 kutoka wa mlalo, na ule mshono wa kona ya sakafu nao uhesabie. Kwa hiyo pedi kugusa 1500 haifai. Una njia tatu. Moja, tumia menholi ya 500, katikati 750, pedi 1170, inakaa kuanzia 165 mpaka 1335, imeingia kama kidole kwenye pete. Mbili, badala ya pedi unapachika pleti nene kipande kizima, hiyo kwa karakana yako ni mateso. Tatu, nenda kwa muuza chuma umwambie akutafutie pleti za mita 2 kwa 6 za pete ya chini peke yake. Mzunguko wako ni mita 18.85 kwa hiyo ni pleti tatu na kipande. Menholi ya 600 inakaa inakunja nne. Mishono ya wima uipange kwanza chini kwa chaki, menholi iangukie katikati ya pleti, usije ukasimamisha pete ndo unakumbuka.

Na pedi uipitishe kwenye rola kabla ya kukata tundu! Nimeona vijana wanapachika pedi bapa kwenye tenki la duara wanavuta kwa jeki. Pedi ya 1370 kwenye tenki lako ikigusa katikati, kingo zimeachana na ukuta karibu sentimita 8. Utaijaza hiyo kwa fimbo za kuchomelea?

---

DadaUsalama_TZ

Kaka zangu mmeongea chuma vizuri sana ila naomba niulize, hilo tundu ni la nini? Si la kupendezesha tenki. Ni la mtu kuingia, na kubwa zaidi ni la mtu KUTOLEWA.

Nafanya kazi za usalama viwandani. Miaka kadhaa nyuma kuna sehemu, siitaji, tenki la molasi lililobaki mashapo chini kama magotini lilifunguliwa kijana aingie kusafisha. Menholi ilikuwa moja tu, 450 kama hiyo yako, na kimo chake kutoka nje ni kifuani. Molasi ikibaki na unyevu inachacha, inatoa kaboni dayoksaidi, na hiyo hewa ni nzito inalala chini haitoki yenyewe kwa tundu moja, huioni hainuki. Aliingia akapiga koleo kama dakika mbili akakaa chini. Mwenzie akataka kumfuata, nashukuru Mungu msimamizi alimshika ukanda wa suruali akamrudisha. Tukaleta mtungi wa hewa ya kuvaa mgongoni, na mwokoaji akiwa na mtungi hapiti kwenye 450. Nilisimama pale namtazama anajaribu bega la kushoto, anatoka, anajaribu la kulia. Ikabidi avue mtungi, ausukume mbele, ndo apite. Yule kijana alipona lakini mpaka leo anasahau majina ya watoto wake.

Kwa hiyo 450 hapana. Hata hiyo 500 ya mzee inayoingia kama kidole mimi siipendi kwa tenki la molasi. Fanya 600. Na ziwe mbili, moja chini ubavuni na nyingine ya 600 paani upande wa pili, karibu na ngazi, ili ukiweka feni ya kupuliza chini hewa itokee juu. Na kabla mtu hajaingia kipimo cha hewa kishushwe kwa kamba mpaka chini kabisa, oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5 hakuna kuingia hata kama bosi anapiga kelele.

---

KijanaWaGrenda

Dada umenitisha. Zile za site ni 450 zote.

---

DadaUsalama_TZ

Zina mashapo chini?

---

KijanaWaGrenda

Zinayo. Huwa tunaingia sisi wenyewe kwa zamu.

---

DadaUsalama_TZ

Njoo inboksi leo hii, usisubiri kesho.

---

Injinia_Kimya

Naunga mkono 600 mbili. Niongeze vitu vya kwenye mchoro ili Mchomaji amalize kazi:

Bolti ni 28 za mm 20 kwa menholi ya 500 na ya 600, sio 16. Watu wanapunguza bolti wakidhani ni kubeba uzito tu, kazi yake ni kuibana gasketi sawasawa kuzunguka, zikiwa mbali flenji inapinda katikati ya bolti na bolti, molasi inaanza kulia hapo. Kumbuka mita 7.5 za molasi zinasukuma kama mita 10.5 za maji, ndo maana nikasema mfuniko wa 16, usichukue unene kwenye jedwali la maji ukiangalia kimo tu.

Weka mkono wa bawaba wa kubebea mfuniko. Kilo 66 juu ya mchanga wa Morogoro na vijana wawili wenye haraka, vidole vitabaki hapo.

Hata ukiweka katikati ya menholi mm 900 kutoka chini, ukingo wa chini wa tundu utakuwa mm 600 juu ya sakafu. Ile molasi ya chini yake haitoki kwa menholi, kwa hiyo weka shimo dogo la kukusanyia na bomba la kutolea chini kabisa. Hapo baba mdogo atapata alichokuwa anakitaka bila mlango wa ghala.

---

mzee_wa_matenki

Na tundu la pedi msilisahau. Toboa tundu la mm 6 kwenye pedi kwenye mstari wa katikati wa mlalo, tia nyuzi, ukimaliza kuchomelea ndani na nje unaunga hewa ya kompresa, isizidi bar 1, unapaka povu la sabuni kwenye weldingi zote, ya shingo, ya ukingo wa pedi, na ndani ya tenki pia. Mwaka mmoja tulipaka tukaona hakuna kitu tukataka kuondoka, nikainama chini ya shingo na kioo cha kunyolea ndevu, pale chini kabisa ambako fundi anachomelea akiwa amelala chali, kuna kipovu kimoja kidogo kinavimba kinapasuka, kinavimba kinapasuka. Tulisaga tukakuta takataka ya fimbo ndefu kama punje ya mchele.

Ukimaliza kupima tundu unaliacha wazi. Usilichomelee! Pedi ikivuja baadae molasi itatokea hapo utaiona. Ukitaka mdudu asiingie paka grisi.

---

Mchomaji_Moro

Wakuu narudi na mrejesho. Nimekaa na mteja leo, nimemchorea chini kwa mkaa. Hesabu hakuisikiliza kabisa. Nilipomsimulia ya dada, yule mwokoaji anayejaribu bega la kushoto na la kulia, akanyamaza, akaniuliza menholi ya pili bei gani.

Tumekubaliana pete ya chini ya mita 2, tatu za mita 1.5 na ya juu naikata mita 1. Menholi mbili za 600, ya chini na pedi ya 1370, ya juu upande wa ngazi. Bolti 28. Baba mdogo kaangalia mchoro, kasema hilo bomba la chini liwe inchi 6 lisiwe 4 maana molasi ya baridi haipiti kwa 4, na hapo nimemkubalia maana yeye ndo aliwahi kuizibua.

Swali dogo la mwisho, mteja kaona lile tundu la mm 6 kwenye mchoro anasema sasa mbona mnanitobolea pedi niliyoilipia?

---

mzee_wa_matenki

Mwambie hilo ni la bure.